Imbwa ya Maman Nsimire

Aline mujukuu wangu, siku ninayoikumbuka, pale kwetu Kadutu tulikuwa mimi, na papa yako akiwa bado tumboni mwangu. Mama mukwe wangu Nabintu, aliyemuzaa babu yako. Na wifi yangu Furaha, aliyekuwa anasuka mukeka. Ng'ambo ya ua alikuwa jirani yetu Maman Nsimire, rafiki yangu wa kwaya. Na imbwa yake.

Hiyo imbwa njo habari yenyewe. Nsimire aliipa jina Wanakula-Wanasahau. Zamani, mutu akiwa na neno na mwenzake, alilificha ndani ya jina la imbwa yake, ili mwenzake alisikie. Kila asubuhi aliita, "Wanakula-Wanasahau, kuya hapa," kilima nzima inasikia.

Mimi nikasikia ni mimi ananisema. Babu yako alikuwa Kamituga anachimba zahabu, na miezi ile nilikula sana kwa Nsimire. Nikaacha kumusalimia. Kwenye kwaya nikahama benchi. Na yeye njo alipaswa kunisindikiza maternite nikienda kuzaa, maana mama mukwe miguu ilimuuma na Furaha alikuwa mutoto bado. Tumbo lilikuwa limeshuka, na mimi nimeapa nitaenda peke yangu. Fikiria, mwanangu: kuteremuka Kadutu na uchungu, bila mutu wa kukushika mukono, juu ya jina ya imbwa.

Siku ile Nsimire alipoita, machozi ikanitoka nikitwanga sombe, yale majani ya muhogo. Mama mukwe akauliza, nikamwambia yote.

"Unakasirikia imbwa?" akasema. "Imbwa haitakujibu. Vuka, uulize mwenyewe, sombe itakungoja."

Furaha akanichokoza kwamba nichunge isiniume. Nikavuka. Nsimire alikuwa anachambua maharagi.

"Maman Nsimire, ile jina, ni mimi?"

Akaangalia imbwa, akaniangalia, akaacha maharagi.

"Wewe? Ile ni ya shemeji yangu wa Luvungi. Alikula hapa masika nzima, akaenda, hata muhogo moja hakutuma." Kisha akaanza kucheka. "Na yeye hajui hata kama niko na imbwa."

Tulicheka mpaka nikashika tumbo kwa mikono miwili. Ule uzito wote ukaniondoka palepale, nikarudi nimeacha hata viatu vyangu kwake. Siku ya kuzaliwa papa yako, ni mukono wa Nsimire niliokamata. Imbwa tukaiita Kahawa, lakini ilikataa kuitika.

Sasa wewe umeandika kwa simu, kwenye grupe ya kwaya, kwamba kuna wanaoimba na kisu mukononi. Uliyemulenga, sijui kama alisoma. Lakini Bahati, binti ya Nsimire, alisoma, akaja kulia kwangu akiuliza amekukosea nini.

Basi futa ile maneno, mwanangu. Enda kwa Bahati leo, umwambie si yeye. Halafu enda kwa yule uliyemulenga, uketi naye, umuite kwa jina, umwambie kitu kilichokuuma, kisha umusikilize. Akikukasirikia, atakukasirikia wewe, na ataweza kukujibu. Kwa simu unarusha jiwe gizani, na hujui nani atatoka damu.

Mungu akupe mudomo wa kusema na miguu ya kuvuka ua, na siku ya uchungu wako usikose mukono.

Furaha yuko Minova, naye anasoma hapa kwenye grupe ya jamaa. Wifi, kama nimekosea, pengine ulikuwa hausuki mukeka ila kapo ya kwenda sokoni, unisahihishe. Ila uje uniambie kwa mudomo.