Kilichokuwa Kiunoni Mwangu

Nichekeni tu, nimestahili. Sisi walinzi hapa Riyadh tulipewa mshipi wenye mfuko wa bastola, lakini bastola yenyewe mafi, kama wasemavyo Waarabu, yaani hakuna, maana mgeni haruhusiwi kubeba silaha. Mimi nami nilishamwambia mama mkwe kule Bungoma kwamba natembea na chuma kiunoni. Kwenye picha za kumtumia mfuko ule mtupu ulilegea kama soksi kuukuu. Basi nikaukata mwiko wetu wa ugali, nikauchomeka humo, mpini ukachungulia nje. Jamani, nilipendeza! Hata mwendo ukabadilika.

Otieno, ninayeishi na kulinda naye, aliutafuta mwiko hadi chini ya vitanda. Nikamsaidia kutafuta, tena nikawalaani majirani.

Jana, tukiwa zamu na Otieno, polisi akasimama getini, macho kiunoni kwangu.

“Kibali cha bastola kiko wapi?”

Bila kibali ni jela, kisha ndege ya kurudi nyumbani.

“Itoe. Polepole.”

Nikautoa kwa vidole viwili, ugali umeukaukia. Polisi akaugeuza, akaunusa. Aliyefoka ni Otieno:

“Ati wewe! Wiki mbili nasonga ugali na kijiko!”