Daudi Aliyegoma Kucheka

Enzi zetu, na msinicheke kwamba mtu wa miaka kumi na sita hana enzi, watoto wa Peckham, hapa London, tulikuwa watoto kweli. Tulipiga mpira kwenye korido ya ghorofa mpaka jirani atoke na kandambili mkononi, tulikula maandazi yakiwa bado yanaunguza ulimi, na Kiingereza tulikiacha mlangoni pamoja na viatu. "Humu ndani ni Tanga," Mama alikuwa akisema. Hawa wadogo zetu wa siku hizi ukiwaambia wakacheze nje, wanauliza kama huko nje kuna pa kuchajia simu.

Nakumbuka nilipokuwa na miaka minane, Anti Rehema, mwalimu wetu wa Sunday school, alinichagua niwe Daudi kwenye igizo la kanisani. Goliathi akawa Baraka, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, kwa sababu moja tu: alikuwa mnene. Ili tuuelewe ushindi, Anti akatupandisha basi kwenda jumba la picha za kuchora kule katikati ya mji. Kiingilio ni bure, na cha bure hakimpiti Anti.

Hapo ndipo nilipovurugwa. Mbele yetu mchoro mkubwa wa rangi za mafuta, wa karne na karne, giza tupu kama umeme umekatika. Kijana Daudi ameshika kichwa cha Goliathi kwa nywele, na hacheki. Anakitazama kama mtu aliyevunja sahani za wageni.

"Anti, huyu kashinda au kashindwa?"

"Kashinda. Kichwa si unakiona?"

"Mbona amenuna?"

"Labda ana njaa. Sogea, wenzako nao waone."

Kwenye basi Baraka akaninong'oneza, "Mama yangu atakuwepo Jumapili. Ukiniangusha halafu ukanicheka mbele yake, usije tena kwetu."

Na kwao ndiko yalikokuwa maisha yangu yote: sambusa, kitanda cha juu na chini, kaka mwenye michezo ya kompyuta. Nilirudi nyumbani sijui nishike lipi. Nisiposhinda, Biblia inaharibika. Nikishinda na kucheka, naharibikiwa mimi.

Jumapili ikafika. Nikazungusha kombeo langu la soksi, Baraka akaanguka mpaka kinanda kikatikisika. Kwenye mazoezi nilikuwa naweka mguu juu ya tumbo lake na kucheka. Sasa nikasimama tu, nimenuna kama yule wa mchoroni.

Mama, kutoka viti vya mbele: "Cheka, baba, umeshinda."

Baraka akafungua jicho moja. "Cheka basi, sakafu ina baridi."

"Sitaki."

Nyie mnawajua mama zetu. Mtoto akifanya vizuri mbele za watu, mama hawezi kukaa. Lazima atoke na khanga, acheze hadi mbele, amfute jasho. Mama Baraka akatoka na vigelegele, akanipita kama nguzo, akapiga magoti, akamfuta maiti jasho. Kina mama wengine wakamfuata. Goliathi, kwa heshima ya wazazi, akafufuka na kuanza kucheza. Anti Rehema akashika kichwa, cha kwake. Baraka akanivuta mkono, tukacheza wote chini ya khanga moja, na hapo ndipo nikacheka. Mpaka leo sijui nani alishinda.

Siku hizi Baraka amehamia Wembley, amerefuka, amekonda, na urafiki wetu unaishi kwenye simu, tunatumiana vikatuni kama wajomba wanavyotumiana salamu za asubuhi. Mwezi uliopita shule ilitupeleka jumba lilelile. Wale wadogo wa mwaka wa kwanza walijipiga selfi na kichwa, wakapita bila hata kuuliza. Mimi nikabaki. Daudi bado amenuna. Nikampiga picha, nikamtumia Baraka.

Akajibu: "Mpaka leo hakuna mama aliyetoka na khanga?"

Nikalitazama lile giza lote nyuma ya Daudi, kona hadi kona. Hakuna.