Jezi Zilizokuwa Zikianikwa Tu

Jirani yangu mfuaji alikuwa na mikono myekundu hata siku ambazo hakugusa maji. Msimu ule wa majani kupukutika, mwaka 1905, aliyagusa kidogo, maana vijana wa chuo chetu hapa Ohio walikuwa wakishinda kila Jumamosi katika mpira wao wa kukumbatia na kukimbia, na timu inayoshinda haifui jezi, isije ikafua bahati yake. Walimletea azianike tu. Nami uani kwangu, nikijifanya napasua kuni, niliziona zikijaa upepo na kukimbia hewani bila vichwa, huku yeye akipita katikati yake akiimba midomo imefumbwa, akigusa bega la kila moja.

Kisha mchezaji wao mmoja, Pruitt, akakanyagwa kichwani mechini, akaondolewa uwanjani kwa gari la farasi, hana fahamu. Jumatatu jezi yake ilikuwa kwenye kamba, nyeupe, ikichuruzika kati ya zile za rangi ya tope.

“Mama, umetufulia ushindi wetu,” alisema nahodha. “Na imebaki mechi moja.”

“Nimefua damu ya mwenzio. Mama yake anakuja kwa treni kesho. Ulitaka aione ile?”

Nahodha akaivuta jezi yake kutoka kwenye kamba, akainusa, akaizamisha ndani ya beseni. Jirani yangu alimsogezea sabuni, kisha akaanza kuzianua zile nyingine azifue.

Jioni upepo wa Ohio ulikuja kama kawaida. Jezi zilining'inia zimelowa, nzito, na hakuna hata moja iliyokimbia.