Chuma Kinachoimba Hapa Kihesa

Sanamu la chuma walilolisimamisha pembeni mwa soko, hapa Kihesa, halifanani na kitu chochote. Ni mabamba mazito yaliyopinda na kupandana mpaka juu, hayana kichwa wala mkono. Watu walilicheka. Mimi nililipenda tangu siku ya kwanza, na kila asubuhi nikienda kununua maziwa nilisimama kutazama jua linavyoteleza juu yake.

Ndiyo maana mimi ndiye niliyegundua kuwa bamba moja la nyuma halipo. Baadaye likakosekana jingine. Kuna mtu alikuwa analiuza kidogo kidogo kama chuma chakavu. Nikamleta mwenyekiti wa mtaa. Akalizunguka taratibu, kisha akaniuliza, "Sasa mwalimu, lilitakiwa liweje?"

Swali hilo linaniudhi mpaka leo. Sanamu ya mtu ikiibiwa sikio, kila mpita njia ataona.

Juzi, upepo wa kipupwe ulipoanza, sanamu likaanza kuvuma, sauti nzito kama ya mtu anayeguna usingizini. Soko zima likafurahi, wakasema linaimba. Nikainama kutazama pale chini liliposhikizwa. Nati zote za upande mmoja zilikuwa zimefunguliwa, boliti zimebaki tupu.

Mama anayeuza mandazi alikuwa ameweka meza yake kwenye kivuli cha sanamu. Nikamwambia ahame upesi.

Akacheka, akanisalimu kwa Kihehe. "Kamwene, mwalimu! Njoo wewe huku. Hapa ndipo linaposikika vizuri."