Kibuyu cha Mwisho cha Mbegu

Nilipoolewa upande wa chini ya Makindu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilimkuta mama mkwe na sheria moja isiyojadiliwa: mbegu hupandwa kwenye vumbi. Mvua zetu za mwisho wa mwaka ni fupi. Anayengoja udongo ulowe ndipo atoe ng'ombe wa kulima hukuta mahindi ya wenzake yamefika magotini. Kwa hivyo kila Oktoba tulilima ardhi kavu, tukafukia mbegu, tukaenda kanisani kuomba. Tulikula tukashiba, tukawauzia wafanyabiashara wa Makindu magunia, na hata mabati ya nyumba yetu yalitoka kwa mahindi.

Halafu mvua ikaanza ujanja. Ilinyesha siku mbili, mbegu zikachipua, kisha jua likawaka wiki tatu. Mwaka ninaousema tulipanda zikafa, tukapanda tena zikafa. Kikabaki kibuyu kimoja, kimening'inia juu ya moshi wa jikoni ili wadudu wasiingie. Ilikuwa mbegu ya huku chini, inayokomaa upesi, na mama mkwe alikuwa ameichagua mwenyewe, hindi kwa hindi, tangu ujana wake.

Asubuhi moja akakishusha. Mimi nilikuwa nimesoma hadi darasa la saba, na mdomo wangu haukuwa na breki.

"Mwaitu," nikamwita, maana ndivyo Wakamba tunavyomwita mama, "hii tungoje mvua ishike kwanza."

"Mvua ya hapa haingojwi, mwanangu."

"Na tukiipoteza hii pia, tutapanda nini?"

Alimtazama mwanawe, mume wangu. Mume wangu akasema labda nasema kweli. Mama mkwe akarudisha kibuyu mahali pake.

Siku nne baadaye mvua ilikuja, na kubwa. Wiki nzima ng'ombe hawakuweza kuingia shambani kwa tope. Tulipopanda, mahindi yalitoka mazuri hata nikaanza kujisifu. Yakafika kifuani, yakatoa mbelewele, na hapo mvua ikakatika. Hayakubeba hata hindi moja. Jirani aliyerudia kupanda kwenye vumbi wiki ileile niliyokataa alivuna. Si mengi, lakini alivuna, na kutoka uani kwangu nilimsikia akiyapiga kwa fimbo kuyapukuchua.

Ng'ombe wa kulima tukawauza kwa bei ya kutupa, kwa kuwa kila mtu alikuwa anauza. Mume wangu akaenda kibarua cha kukata katani. Mama mkwe angeweza kuniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ningenyamaza. Hakusema. Nilitamani sana anitukane.

Mwezi wa tisa uliofuata, msimu wa kupanda ukikaribia, alipanda milima ya Mbooni, kwa dada yake, kuomba mbegu. Yeye ambaye wanawake wa kijiji walikuwa wakimjia na vikapu. Alirudi siku ya tatu, miguu imevimba, na mfuko mdogo wa mahindi ya mlimani, ambayo sote tulijua huchelewa kukomaa.

Aliuweka mapajani mwangu.

"Siku ya kupanda utachagua wewe," akasema.

"Mwaitu, mimi sijui."

"Hata mimi. Mvua hii siijui tena."

Akaingia ndani kulala, na jua bado lilikuwa juu.