Miguu ya Kuku na Mzungu wa Mifupa

Hapa Temeke hakuna aliyemjua kuku kunishinda mie. Darasani nilikaa miezi michache nikatoka, lakini kuku wa bara walioteremshwa stesheni walipita mikononi mwangu kwanza, wenzangu wakaokota masalia. Kwa hiyo yule Mzungu alipoanza kuja bandani kwangu kutaka miguu ya kuku, miguu mitupu, nyama hana haja nayo, nilimtilia shaka. Ya nini? Ama mchawi, ama katumwa kunichunguza.

Mwenyewe alidai amechimba mifupa ya wanyama wa kale kule kusini, upande wa Lindi. Siku moja akaja na picha. Mkosi wangu, alinikuta na mama mmoja wa Kinondoni, anachagua kuku wa pilau ya harusi ya bintiye. Harusi ile ingenifungulia milango ya nyumba zote kubwa. Nikiikosa, nabaki muuza kuku wa uchochoroni.

Mzungu akaikunjua picha: ndege ana manyoya, lakini mdomoni meno, mabaweni kucha, mkia mrefu wa mifupa.

"Huyu babu ya kuku," akasema. "Ndugu ya wale kubwa mimi chimba, mguu sawasawa. Kama mijusi."

Mama akamwachia jogoo aliyemshika. "Mjusi? Baba, mie nikawalishe waumini mjusi?"

"Mama, utamsikiliza huyu? Hata kifaranga hajawahi kufuga!"

Mzungu hakunyamaza. Alimdaka jogoo, akalikunjua bawa, akatuonyesha kwenye ncha kijikucha kama mwiba. Miaka yote ile sikuwa nimekiona. Mama akaupapasa mguu.

"Na magamba haya?"

"Shehe wako mwenyewe anakula kuku, mama. Kamuulize."

"Shehe hajaiona picha hii."

Nilimbembeleza mpaka akakata shauri: kuku atachukua, ila wachinjwe kwangu asubuhi ya harusi, miguu na ncha za mabawa zisifike kwake, na habari ya picha nife nayo. Nikaapa, Mzungu kando yetu akikunja picha yake.

Asubuhi ya kuchinja, wa kwanza kufika alikuwa Mzungu, na gunia. Akazoa miguu yote bure, anapiga mluzi. Mwenyewe hudai picha ile aliifungua mbele ya mama kwa bahati mbaya tu. Mie siamini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokotaokota, lakini siku ya harusi aliisikia vizuri.