Sahani ya Dabaso

Katika soko la mifugo la Isiolo, bei ya ngamia husemwa kwa vidole, mikono miwili imeshikana chini ya shuka, na anayesimama kando asijue lolote. Dabaso alikuwa fundi wa kazi hiyo. Taabu yake ni kwamba alizoea kuficha kila kitu, hata kile ambacho angekitaja mapema kingempunguzia machozi.

Maana Dabaso alikuwa na bawasiri. Haya, tumeshaitaja, na hakuna aliyekufa. Kwa miaka mingi alikula nyama na wali, akateremshia kwa chai, alasiri akatafuna miraa mkekani na madalali wenzake mpaka jua lizame. Maji aliwaachia mifugo, na mboga, alivyopenda kusema mwenyewe, ni chakula cha mbuzi. Choo kikawa kigumu kama kokoto. Alipoona damu, alidhani siku zake zimefika. Mkewe Sadia angemuuliza ana nini, lakini Sadia alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na nyumba ya mtu mmoja haimuulizi mtu hali.

Akaenda zahanati ya mbali na soko, asikojulikana. Muuguzi, mama mmoja aitwaye Mugure, alimpima bila kucheka.

"Mzee, hii ni bawasiri, na itatulia ukibadilisha chakula. Kunywa maji mingi. Kula sukuma, maharagwe, papai. Miraa wachana nayo, inakausha tumbo. Na choo ikikataa, usisukume kwa nguvu. Damu ikirudi, wewe pia urudi."

Basi Dabaso akajifunza kupika uzeeni. Alikata sukuma vipande vya kutisha, akaunguza maharagwe, akala peke yake mlango umefungwa, kama mtu anayekula cha wizi. Papai alilipenda, jambo ambalo hakulitegemea. Taratibu choo kikalainika, damu ikakoma, akaweza kukaa tena. Lakini hapo ndipo upweke ulipomkamata barabara.

Kila Ijumaa baada ya swala, tangu ujana wao, yeye na wazee wenzake walikula sinia moja nyumbani kwa Abdub, rafiki aliyechunga naye ndama kule Kinna. Kwao, anayekataa kutia mkono siniani ana kinyongo, na haihitaji kuelezwa. Dabaso aliogopa ile nyama, aliogopa kukaa mkekani kwa muda mrefu, na zaidi aliogopa kuulizwa. Ijumaa ya kwanza alisema ameshiba. Iliyofuata alisema ana mgeni. Baadaye hakusema kitu, akawa anapita nyuma ya msikiti asikutane na mtu. Abdub alituma salamu, akatuma tena, halafu salamu zikakatika. Kwenye miraa pia hakuonekana, na watu wakajimalizia wenyewe: Dabaso amejiona, hataki watu. Mficha uchi hazai, na huyu alificha mpaka akafiwa na marafiki walio hai.

Alipopona, Ijumaa moja baada ya swala akanunua papai kubwa, akaenda kwa Abdub.

"Salaam aleikum," akasema mlangoni.

"Aleikum salaam. Karibu, Dabaso. Karibu kiti."

Kiti! Wenzake walikuwa chini, wamezunguka sinia bega kwa bega, na hakuna aliyesogea. Abdub akapokea papai, akaita ndani, na mkwe wake, mume wa bintiye, akaleta sahani moja: wali, maharagwe, na sukuma iliyokatwa vizuri.

"Tulisikia kwa mama mboga vile siku hizi unakula," Abdub akasema, kwa ile adabu wanayopewa wageni. "Na unapenda kula yako pekee. Sisi hatutaki kukusumbua."

Dabaso alikuwa na neno mdomoni. Lilikuwa neno moja tu, na lingemaliza yote. Lakini yule mkwe alikuwa bado amesimama na birika la kunawa, na mambo ya makalio hayasemwi mbele ya mkwe wa mtu.

"Ahsante," akasema, akanawa.

Akala. Chakula kilikuwa sawasawa na alivyoagizwa zahanatini, na pale kitini hakuumia hata kidogo. Aliwatazama wenzake wakigongana mikono siniani, wakisukumiana vipande vya nyama, akatamani mmoja wao amwibie hata punje ya maharagwe. Hakuna aliyenyoosha mkono.